Oksijeni ikipungua, moyo wenyewe unakula nini?

Ukifika Elena, ile kambi ya mwisho kabla ya kilele cha Margherita, mita 4,541 kule juu milima ya Rwenzori, Uganda, unaweza kuwa umekaa tu kitandani hujabeba hata chupa ya maji na bado moyo unaenda mbio, alafu mwenzako wa pembeni anakwambia "hewa ni kidogo huku, moyo unatafuta oksijeni". Wengi wanaishia hapo na wanaona jibu limetosha. Mimi naona ni nusu ya jibu, maana yale mapigo unayoyasikia kifuani ni moyo unahudumia wengine, ubongo, figo, miguu. Sasa moyo wenyewe unahudumiwa na nani? Nao ni msuli, na ukipima gramu kwa gramu ni kati ya viungo vinavyokula oksijeni nyingi kabisa mwilini, na wakati ule ule oksijeni imepungua ndo unaongezewa kazi.

Kwanza tuweke sawa habari ya hewa yenyewe. Oksijeni ni asilimia 21 ya hewa Entebbe, ni asilimia 21 Kabale, na hata juu kabisa Margherita mita 5,109 bado ni asilimia 21. Kinachopungua ni msukumo wa hewa yote kwa ujumla, kule juu umebaki kidogo zaidi ya nusu ya ule wa baharini, so kila pumzi ina chembe chache na zinasukumwa kwa nguvu ndogo kuingia kwenye damu. Kampala tuko kama mita 1,200 na mwili wala hausumbuki.

Sasa ingia moyoni. Watu wanadhani moyo umejaa damu muda wote kwa hiyo chakula upo nacho ndani, kumbe ile damu inayopita kwenye vyumba vyake haiulishi, labda ile ngozi nyembamba sana ya ndani tu. Ukuta wa moyo unalishwa na mishipa yake ya pekee, mishipa ya koronari, miwili inayochipuka kwenye aota, ule mshipa mkuu unaotoka moyoni, pale pale inapoanzia juu ya valvu, inauzunguka moyo kwa nje alafu inatoboa kuingia ndani ya nyama. Moyo wa mtu mzima una kama gramu 300, na ukiwa umepumzika unapitisha damu kama mililita 225 mpaka 250 kwa dakika kwenye mishipa hiyo, yaani karibu asilimia 5 ya damu yote unayoisukuma, kwa kiungo ambacho uzito wake haufiki hata asilimia 1 ya mwili.

Hapa ndo pana jambo ambalo usipolielewa mengine yote yatakupita. Damu yenye HB nzuri (kiwango cha himoglobini, ile protini ya chembe nyekundu inayobeba oksijeni), tuseme 15, inabeba kama mililita 20 za oksijeni katika kila mililita 100. Msuli wa mguu ukiwa umepumzika unachukua 5 hivi, 15 zinarudi zilivyokuja. Moyo unafanya kinyume, unachukua karibu 15 na kurudisha 5, na hiyo ni ukiwa umelala usingizi! Chukua boda anayeleta maji mtaani bomba likikauka. Mteja mmoja kila safari anamimina robo ya jerikani na kumrudishia boda zilizobaki, huyo hata jerikani zikianza kuja nusu bado ana pa kusogea, atamimina zaidi basi. Mteja wa pili kila safari anamimina karibu yote. Huyo jerikani zikija nusu hana la kujibana, dawa yake ni moja tu, boda aongeze safari.

Moyo ndo huyo mteja wa pili. Mguu una akiba ndani ya damu yenyewe, moyo akiba yake iko kwenye uwezo wa kuongeza mtiririko, na uwezo huo kwa mtu mzima mwenye afya ni kama mara 4 au 5 ya ule wa kupumzika. Kwa hiyo damu ikija imepungukiwa oksijeni, mishipa ya koronari inafunguka, tena haraka, ndani ya sekunde. Na haihitaji kufunguka sana. Hesabu za mtiririko kwenye bomba jembamba zinasema mtiririko unaenda kwa kipenyo cha nguvu ya nne, yaani kipenyo × kipenyo × kipenyo × kipenyo, ukikipanua kwa asilimia 20 tu tayari damu inayopita imekuwa mara mbili. Wanaofanya kazi hiyo ni vimishipa vidogo vidogo vilivyozama ndani ya nyama ya moyo, wala sio ile mishipa mikubwa tunayoiona kwenye picha za chati hospitali.

Nani anaviambia vifunguke? Jibu la haraka ni ubongo, na si kweli. Tangu 1895, Mjerumani anayeitwa Oscar Langendorff alipoonyesha kwamba moyo uliotolewa mwilini unaweza kuendelea kupiga ukilishwa kupitia mishipa yake, wanasayansi wamekuwa wakiutumia mtindo huo, na moyo wa namna hiyo, hauna ubongo, hauna neva za kutoka nje, hauna homoni za mwili, ukipunguziwa oksijeni kwenye maji yanayoulisha bado mishipa yake inafunguka. Ujumbe unatoka hapo hapo jirani, seli yenye njaa inauambia mshipa ulio karibu nayo. Neva zinachangia pembeni lakini sio bosi.

Sasa ujumbe wenyewe ni nini? Hapa ndo patamu, watu wamebishana miaka zaidi ya 60.

Mwaka 1963 Mmarekani Robert Berne alileta wazo lililotikisa fani nzima. Seli inatumia kemikali ya nishati inayoitwa ATP, ukiitumia inabomoka vipande, na kwa kawaida oksijeni ndo inasaidia kuvirudisha vipande vile kuwa ATP tena. Oksijeni ikikosekana vipande vinarundikana, kimojawapo kinabomoka zaidi mpaka kinakuwa adenosini, adenosini inavuja nje ya seli, inagusa ukuta wa mshipa na misuli ya mshipa inalegea. Ona ilivyo na akili: uchafu unaotokana na njaa ndo huo huo unaoita chakula. Hakuna anayehitaji kupima chochote, njaa ikizidi adenosini inazidi, mshipa unafunguka zaidi, damu ikija ya kutosha adenosini inaoshwa na mshipa unarudi.

Na sio nadharia ya vitabuni tu. Madaktari wa moyo wanampa mgonjwa adenosini kwa mshipa ili wafungue mishipa ya koronari makusudi waone kama kuna sehemu haipati damu, na kabla ya kipimo hicho anaambiwa asinywe kahawa wala chai walau nusu siku, vituo vingine siku nzima. Sababu ni kwamba kafeini inakalia pale pale adenosini ilipotakiwa kukaa. Aminofilini, ile dawa ya pumu ya zamani, ni ndugu yake na inafanya hivyo hivyo. (Watu wa Mbale na Sironko msinikasirikie, kahawa yenu ya Bugisu haina kosa, kikombe cha asubuhi hakimzuii mtu mzima moyo wake kupata damu, na sababu inakuja sasa hivi.)

Maana wazo la Berne lilipoanza kujaribiwa kwa ukali likaonekana halitoshi. Ukimzuia adenosini kabisa kwa dawa alafu ukamkimbiza mnyama, mishipa ya moyo inafunguka karibu kama kawaida. Kwenye upungufu wa oksijeni wa kweli ukimzuia unaona pengo, so adenosini ana kazi zaidi pale hali inapokuwa mbaya, lakini hata hapo mishipa haifungi. Kuna mwingine anasaidia.

Mwingine huyo alionekana 1983, Mjapani Akinori Noma alipogundua kwenye seli za moyo vimlango vya potasiamu ambavyo vinafungwa na ATP. ATP ikiwa tele vimefungwa, ikipungua vinafunguka, potasiamu inatoka. Baadaye vikaonekana kwenye misuli ya mishipa pia, na kule potasiamu ikitoka umeme wa seli unabadilika, kalsiamu inazuiwa kuingia, na msuli wa mshipa bila kalsiamu hauwezi kujikaza. Mwaka 1990 kikundi cha akina Daut kilitumia mioyo iliyotengwa ya simbilisi (guinea pig) iliyowekewa glibenklamidi, dawa inayofunga vimlango vile, na kule kufunguka kwa mishipa oksijeni ikipungua kukazuiliwa. Jina hilo kuna watu hapa wameshalishtukia, ndo ile ile glibenklamidi ya sukari ambayo wazee wetu wengi wanapewa kwenye vituo vya afya, maana vimlango kama hivyo viko pia kwenye kongosho na kuvifunga kunafanya insulini itoke. Tafadhali asije mtu akamwachisha mama yake dawa kwa sababu ya aya hii! Dozi za maabara zikipita kwenye moyo uliotengwa ni kitu kingine kabisa na kidonge anachomeza mtu asubuhi, mambo ya dawa zungumza na daktari.

Alafu kuna ngozi ya ndani ya mshipa, tabaka moja la seli ambalo zamani lilidhaniwa ni kitambaa tu cha kufunika. Robert Furchgott 1980 alionyesha kwamba ukiikwangua ngozi hiyo, mshipa unakataa kulegea ukipewa asetilikolini, kemikali ambayo neva zinaitumia kupeleka ujumbe, ukiiacha unalegea. Kile kinachotoka kwenye ngozi hiyo kikaja kujulikana ni naitriki oksaidi, gesi ya kawaida kabisa, na 1998 yeye, Louis Ignarro na Ferid Murad wakapewa tuzo ya Nobel. Chembe nyekundu za damu nazo zinahusika kwenye mchezo huu: himoglobini inapoachia oksijeni, chembe inatoa ATP kidogo, ile ATP inaigusa ngozi ya mshipa, ngozi inatoa naitriki oksaidi, mshipa unalegea. Yaani damu yenyewe ikiona inapokonywa sana oksijeni sehemu fulani inajifungulia njia. Mimi hiki ndo kipande ninachokipenda kuliko vyote.

So nani mkubwa kati ya hao? Hakuna. Ukifunga mmoja wengine wanajaza nafasi, na ukifunga watatu kwa mpigo mtiririko unapungua lakini mishipa haijifungi kabisa. Kuna watu wanaliona hilo kama aibu ya sayansi, miaka yote hiyo hamjapata jibu moja? Mi naona kinyume, kiungo ambacho kikikosa damu dakika kama 20 tu seli zake zinaanza kufa kingekuwa na njia moja ya kujiokoa tungekuwa tumeisha zamani.

Kitu cha kuchekesha ni kwamba mapafu yanafanya kinyume chake. Oksijeni ikipungua kwenye kona fulani ya pafu, mishipa ya kona hiyo inajikaza, na waliolieleza vizuri ni von Euler na Liljestrand 1946. Ina maana ukifikiria, mapafu kazi yao ni kupakia oksijeni, kona isiyo na hewa hakuna haja ya kupeleka damu. Lakini juu mlimani pafu zima lina oksijeni kidogo, kwa hiyo mishipa yote inajikaza, presha ya mapafu inapanda na upande wa kulia wa moyo unasukuma kwa shida. Yaani mishipa ya mapafu inaongezea moyo kazi wakati ule ule mishipa ya moyo inahangaika kuulisha.

Na mbio za mapigo nazo zina gharama. Upande wa kushoto wa moyo ukijikaza unaibana mishipa yake wenyewe iliyo ndani ya nyama, damu karibu inasimama, ndo maana sehemu kubwa ya kula kwake ni pale unapolegea kati ya pigo na pigo. Ukiwa na mapigo 60 kwa dakika muda wa kulegea ni kama theluthi mbili ya muda wote. Yakifika 120 unashuka mpaka nusu hivi. Kwa hiyo moyo unaoenda mbio unahitaji oksijeni zaidi na wakati huo huo umejipunguzia muda wa kuipata, na ni hiyo mishipa kufunguka inayofidia. Ndo faida moja ya mazoezi ya muda mrefu, moyo uliozoeshwa kama wa wakimbiaji wetu wa Kapchorwa unapiga taratibu ukiwa umepumzika na muda wa kujilisha unakuwa mrefu. Cheptegei tulimwona Paris 2024 akichukua dhahabu ya mita 10,000, tukasifu miguu na mapafu, mishipa ya koronari hakuna aliyeitaja.

Tatizo ni pale mishipa ile mikubwa ya nje imeshaanza kuziba na mafuta. Lance Gould 1974 alibana mishipa ya mbwa kidogo kidogo akaona kitu ambacho kinatisha ukikielewa: mtiririko wa kupumzika haukupungua mpaka kipenyo kilipobanwa kama asilimia 85, lakini ule mtiririko wa juu kabisa ulianza kushuka tangu asilimia 30 mpaka 45 hivi. Yaani vimishipa vidogo vinajifungua kufidia kizuizi cha juu, mtu anatembea zake Wandegeya hasikii kitu, kumbe akiba ameshaanza kuila akiwa amekaa. Siku oksijeni ikipungua, iwe ni nimonia au mlima, vimishipa vinaombwa vifunguke na vilishafunguka. Juu ya hapo ngozi ya ndani iliyoharibiwa na sigara, presha au sukari haitoi naitriki oksaidi vizuri, na mwaka 1986 watafiti wa Marekani waliingiza asetilikolini kwenye mishipa ya koronari ya watu, mizima ikalegea, yenye ugonjwa ikajikaza. Ndo maana mtu aliyewahi kubanwa na kifua akipanda ngazi aonane na daktari kabla hajalipia safari ya Rwenzori, awe kijana au mzee.

Ukikaa juu siku kadhaa mambo yanatulia kiasi. Unapumua zaidi, maji ya damu yanapungua, HB inapanda, alafu figo zinatoa homoni ya kutengeneza chembe nyekundu mpya, na kadiri kila mililita ya damu inavyobeba zaidi ndo mishipa ya moyo inavyoweza kupunguza kazi. Waongozaji wakikwambia pole pole hawakucheleweshi, kutoka Nyabitaba kwenye mita 2,650 mpaka Elena hupandi kwa siku moja na kuna sababu.

Lakini kusema kweli wengi wetu Margherita hatutafika, na oksijeni kidogo inatukuta huku huku chini. Malaria kali inavunja chembe nyekundu, mtoto anafika hospitali HB iko 5. Mapafu mazima, hewa ipo, ila damu inabeba mililita 6 au 7 tu badala ya 20. Piga hesabu: hata moyo ukichukua robo tatu ile ile unapata 5 badala ya 15, inabidi mtiririko uwe mara 3, mtoto akiwa amelala tu. Akiba yote ni mara 4 au 5 kwa mtu mzima. Na bado watoto wengi wanastahimili. Utafiti mkubwa uliofanyika Uganda na Malawi ukatoka 2019 ulionyesha kwamba watoto wenye HB kati ya 4 na 6 wasio na dalili za hatari, waliowekewa damu mara moja na wale waliosubirishwa wakiangaliwa kwa karibu wodini, hawakutofautiana kwenye vifo. Wakiangaliwa kwa karibu wodini, sio nyumbani. Anayepumua kwa shida au aliyelegea hayupo kwenye hesabu hiyo, huyo anahitaji damu sasa hivi.

Na kuna sigiri, lile jiko la makaa. Usiku wa baridi Kabale au mvua Kampala, watu wanaiingiza ndani, wanafunga dirisha wanalala. Makaa yanatoa kaboni monoksaidi ambayo inashika himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na himoglobini iliyobaki nayo inaanza kung'ang'ania oksijeni yake isiiachie. Kwa moyo, unaoishi kwa kumimina karibu kila kitu, hiyo ni shida mara mbili, mishipa inafunguka lakini damu inayokuja ni nyekundu vizuri tu na haitoi. Na kile kimashine cha kubana kidole, tulichokizoea wakati wa korona, hapa kinadanganya. Chenyewe kinaangalia rangi, na himoglobini yenye kaboni monoksaidi inakionekania kama yenye oksijeni, so kinaweza kuandika 98 kwa mtu anayekufa. Kwa mtoto mwenye HB 5 pia kitaandika 99 bila kusema uongo, kwa sababu chembe chache alizonazo zimejaa kweli, ila hakihesabu chembe. Kwa hiyo mkipeleka mtu kituo cha afya asubuhi, kichwa kinamuuma, anatapika, ameshindwa kuamka, msisubiri namba ya kidoleni iwatishe, mwambieni musawo (mhudumu wa afya) kabla hata hajauliza kwamba mlilala na sigiri ndani.